Ushindi wa mezani, pikapu na matikitimaji

Wadau, nimekuwa kimya kidogo, mnisamehe. Kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo nimepata nafasi nataka tuzungumzie jambo ambalo limenikosesha usingizi tangu wiki iliyopita, nalo ni mbio za pikapu za Marekani. Ndiyo, pikapu, hizi hizi ambazo kwetu zinabeba magunia ya mkaa na mbuzi wa sikukuu. Kule wanazifunga injini za ajabu, wanaziweka kwenye uwanja wa duara, halafu wanazishindanisha mizunguko mingi. Najua wengine mmeshaanza kuguna. Vumilieni, kwa sababu kinachonivutia si mwendo. Ni swali moja lililoanza kule mwaka 1949, ambalo mtu yeyote aliyewahi kushabikia mpira wa nchi hii analijua kwa uchungu: mshindi ni yule tuliyemwona akishinda, au yule waliyemtangaza baadaye?

Mimi mwenyewe limenikuta. Miaka michache iliyopita nilitumwa kuripoti mechi ya ligi ya daraja la chini. Wenyeji wakashinda mbili kwa moja, mji mzima ukalala barabarani, nami nikaandika kwa mbwembwe zote. Wiki mbili baadaye nikarudi kuandika aya tatu kavu kwamba pointi zimehamia kwa wageni, kisa mchezaji mmoja hakuwa na sifa ya kucheza. Katibu wa klabu ile alinipigia simu akanilaumu mimi! Kaka, aliniuliza, sasa lile gazeti la kwanza tulitunze au tulifungie maandazi? Sikuwa na jibu.

Sasa twendeni Charlotte, jimbo la North Carolina, Juni 19, 1949. Chama cha NASCAR kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne tu. Mwanzilishi wake, Bill France, alikuwa na wazo lililoonekana la kichaa wakati huo: mbio za magari ya kawaida kabisa, yale yale ambayo baba mwenye familia anayanunua dukani. Hakuna kuchezea kitu. Kanuni hiyo ndiyo iliyokuwa biashara yenyewe, maana mtu wa jukwaani alitakiwa aone gari kama lake likishinda. Uwanja ulikuwa wa vumbi, urefu wa robo tatu ya maili, yaani kama kilomita 1.2, na mbio zilikuwa mizunguko 200.

Glenn Dunaway akashinda akiwa na Ford ya mwaka 1947. Akamwacha wa pili mizunguko mitatu. Mizunguko mitatu wadau, si mchezo! Ndipo mkaguzi Al Crisler alipoinama chini ya ile Ford na kukuta springi za nyuma zimefanyiwa kazi. Springi za magari yale zilikuwa za mabapa yaliyopangwa pamoja kama kurasa za kitabu, na hizi zilikuwa zimetanuliwa ili ziwe ngumu kuliko zilivyotoka kiwandani. Gari lenye springi ngumu nyuma halilali upande kwenye kona, hivyo dereva anaweza kukata kona kwa kasi ambayo wenzake hawathubutu.

Na kwa nini zilikuwa zimetanuliwa? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu kama mwehu. Lile gari lilikuwa la kusafirishia gongo. Kusini mwa Marekani enzi zile kulikuwa na watu waliopika pombe porini na kuikimbiza usiku kwenda mjini, polisi wakiwa nyuma. Gari lililojazwa pombe linakaa kitako nyuma, na polisi wakiona kitako tu wanajua. Kwa hiyo mafundi waliimarisha springi ili gari lililojaa lionekane kama tupu. Fundi yeyote wa Gerezani angewaelewa bila mkalimani. Madereva wengi wa kwanza wa mbio zile walijifunza ufundi wao kwenye biashara hiyo.

Dunaway akaenguliwa, ushindi akapewa Jim Roper, aliyekuwa wa pili kwa Lincoln. Roper alitoka Kansas, zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano kutoka pale, na habari za mbio alizipata kwenye katuni ya gazetini! Mchoraji wa katuni alikuwa ameitaja humo ndani, yeye akaisoma, akaja. (Wahariri mnaosema katuni ni za kujazia ukurasa, mnasikia?) Mwenye ile Ford, Hubert Westmoreland, hakukubali. Akaenda mahakamani kudai dola 10,000. Hakimu akaitupilia mbali kesi.

Naomba tusimame hapo kidogo, maana wengi huisimulia kesi ile kama kichekesho na kupita. Chama kilikuwa kichanga, hakina fedha za kutisha. Kama mahakama ingesema Westmoreland ana haki, kila mwenye gari angejua kwamba kanuni za France ni maneno tu. Baada ya pale ikajulikana kwamba ukiingia kwenye mbio za bwana huyu umekubali jicho la mkaguzi wake, kwisha. Lakini angalieni na upande wa pili. NASCAR haikuwa shirikisho la wanachama wanaopiga kura, ilikuwa mali ya familia ya France. Mwenye mali ndiye anayetunga kanuni, anayewalipa wakaguzi, na anayekata tiketi mlangoni. Mtu wa namna hiyo atakuwa mkali mpaka siku ukali utakapogusa mauzo.

Na siku hiyo ilifika. Aprili 1960, kwenye uwanja mfupi wa Wilson, Emanuel Zervakis alinyang'anywa ushindi kwa sababu ya tanki la mafuta kubwa kuliko kipimo. Baada yake, katika ligi kubwa ya NASCAR, hakuna mshindi aliyenyang'anywa ushindi kwa miaka 62. Mnadhani watu waliacha kudanganya? Thubutu. Falsafa ilikuwa kwamba mtazamaji aliyelipa kiingilio lazima arudi nyumbani akijua nani ameshinda. Ukikamatwa unatozwa faini, unapunguziwa pointi, kombe unabaki nalo.

Mfano unaouma zaidi ni wa Oktoba 1983, Charlotte tena, ingawa safari hii uwanja mkubwa. Richard Petty, mfalme mwenyewe, alishinda mbio zake za 198. Ukaguzi ukakuta injini ina ukubwa wa karibu lita 6.26 wakati kikomo kilikuwa kama lita 5.87, na matairi ya upande wa kushoto yamefungwa kulia. Ukubwa huo wa injini haupatikani kwa bahati mbaya. Nduguye Maurice, aliyekuwa akijenga injini zao, akaubeba msalaba. Adhabu ilikuwa faini ya dola 35,000 na kukatwa pointi 104. Ushindi ukabaki. Petty alistaafu akiwa na ushindi 200, na ule wa Charlotte umo ndani ya hesabu mpaka leo. Darrell Waltrip, aliyekuwa wa pili siku ile, hakupewa kitu. Mimi ningekuwa Waltrip ningehama mji.

Turudi kwenye pikapu zetu. Ligi yake ilianza rasmi Februari 1995 huko Phoenix, Mike Skinner akashinda mbio ya kwanza na baadaye ubingwa wa mwaka. Miaka ya mwanzo walikimbia sana kwenye viwanja vifupi vya mitaani, vingine havina hata nafasi salama ya mafundi kubadilishia matairi. Waamuzi wakabuni suluhisho ambalo sisi watu wa soka tungelielewa haraka kuliko Wamarekani: mapumziko ya kati! Mbio zinasimama, pikapu zinaegeshwa, mafundi wanarekebisha na kujaza mafuta, kisha kipindi cha pili. Pia pikapu ndizo zilizotangulia utaratibu wa kuongeza mizunguko mwishoni ili mbio zisiishe watu wakitembea taratibu nyuma ya gari la usalama. Ligi kubwa iliuchukua utaratibu huo mwaka 2004. Kwa maneno mengine, pikapu ndiyo shamba la majaribio la waamuzi.

Ndiyo maana sikushangaa kwamba upanga mpya nao uliangukia huko kwanza. Mwanzoni mwa mwaka 2019 NASCAR ilitangaza kwamba sasa imechoka. Kabla ya hapo ukaguzi wa kina ulifanyika kwenye karakana yao siku mbili tatu baada ya mbio, habari ya udanganyifu inatoka katikati ya wiki, na kwa siku kadhaa hakuna kinachozungumzwa isipokuwa hiyo. Kuanzia hapo ukaguzi ungefanyika pale pale uwanjani, kwa muda wa kama dakika tisini, wakianza na mshindi na wa pili. Ukifeli, huna ushindi. Tumerudi 1949.

Juni 16, 2019, Iowa. Uwanja wa kilomita 1.4. Ross Chastain, kijana wa Florida kutoka familia ambayo imelima matikitimaji kwa vizazi vinane, alikuwa na pikapu namba 44 ya timu ya Niece. Siku ile alikuwa moto wa kuotea mbali, akaongoza sehemu kubwa ya mizunguko 200 na kushinda. Kawaida yake akishinda hupanda na tikitimaji na kulipasua chini. Akalipasua. Picha zikapigwa.

Kisha pikapu ikaingia kwa wakaguzi, na pua ya mbele ikakutwa iko chini kuliko kimo kinachoruhusiwa. Kwa nini kimo kina uzito hivyo? Pua ikishuka, hewa kidogo inapita chini ya gari, ile ya juu inalikandamiza, matairi ya mbele yanang'ata lami na gari linageuka kwenye kona bila kusita. Tofauti ambayo wewe na mimi tungehitaji rula kuiona. Chastain akawekwa wa mwisho, wa 32. Ushindi na bonasi ya dola 50,000 vikaenda kwa Brett Moffitt, aliyekuwa wa pili. Ndiye mshindi wa kwanza kuangushwa na kanuni mpya.

Timu ikakata rufaa, ikidai kwamba kimo kilishuka kwa sababu ya madhara ya kwenye mbio zenyewe. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Gari likigonga kwa mizunguko mia mbili, vyuma hupinda. Lakini jopo likakataa ndani ya siku chache, na nikikaa nikafikiri naona kwa nini. Mkaguzi hana kipimo cha nia. Ana kipimo cha kimo. Akianza kupokea hadithi za nani alikusudia na nani aligongwa, wiki ijayo kila timu itakuja na hadithi yake, tena iliyopigwa pasi. Hata hivyo kuna kitu kinanikwama kooni. Petty mwaka 1983, na injini ambayo mtu aliijenga kwa mikono yake, aliondoka na ushindi. Chastain, na pua iliyoshuka kwa sababu zozote zile, aliondoka mtupu. Na timu ya Niece haikuwa ya vigogo, na jina la Chastain halikuwa la kifalme. Je, wangeanza na Petty? Miaka mitatu tu baadaye, Julai 2022 huko Pocono, walimwengua Denny Hamlin katika ligi kubwa, mmoja wa madereva mashuhuri, kwa kipande cha utepe chenye upana wa sentimita tano na urefu wa sentimita kumi na nne kilichofichwa chini ya picha za matangazo puani mwa gari. Kyle Busch aliyekuwa wa pili akaenguliwa pia, ushindi ukaenda kwa wa tatu, Chase Elliott. Kwa hiyo labda namwonea wivu usio na sababu. Labda. Ila upanga ulijaribiwa kwanza kwenye shingo nyembamba.

Hapa wengine wangetaja wenye daladala wanaoazima mtungi wa kuzimia moto asubuhi ya ukaguzi na kuurudisha jioni. Sitaki, kwa sababu pale anayedanganywa ni abiria na anaweza kufa. Kwenye mbio anayedanganywa ni aliyeshika namba mbili, na yule mtoto jukwaani anayerudi nyumbani na jina lisilo sahihi kichwani.

Chastain alihitaji ushindi ule kuliko mnavyodhani. Alikuwa ameamua mapema Juni, katikati ya msimu, kugombea ubingwa wa pikapu, na ushindi alioupata Kansas mwezi Mei, kabla ya uamuzi huo, haukumsaidia. Ilibidi ashinde tena. Siku sita baada ya Iowa, Juni 22, walikuwa kwenye uwanja wa Gateway, jirani na St. Louis. Akashinda. Tikitimaji likapasuka tena, pikapu ikaingia kwa wakaguzi, ikatoka salama.

Mwisho wa mwaka alimaliza wa pili. Bingwa alikuwa Matt Crafton, ambaye msimu mzima wa 2019 hakushinda hata mbio moja, na kila kitu kilikuwa halali kwa kanuni. Mnisamehe, hiyo nitaieleza siku nyingine, sasa hivi ni saa nane usiku na asubuhi nina kikao na mhariri.