Merikani, Doti na Mtumba

Kule Mwamkulu, kata ya wakulima wa mpunga katika Manispaa ya Mpanda, anayenunua kanga haulizi mita. Anasema "nipe doti", naye muuzaji anateremsha vipande viwili vilivyoungana, havijakatwa wala kupindwa. Neno hilo lilitoka Uhindini, likiwa jina la nguo ya kiume ya kufunga kiunoni. Misafara ya karne ya 19 ikaligeuza kipimo: shuka mikono minne, doti mikono minane. Wakati huo nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya bara. Walilipwa nguo wapagazi, wakapewa nguo watemi kama hongo. Stanley na Livingstone, walipokatiza Ukawendi mwanzoni mwa 1872 wakitoka Ujiji kwenda Tabora, walipita katika nchi ambayo sehemu yake leo imo mkoani Katavi.

Katika nguo hizo, kaniki ilikuwa ile nyeusi ya Uhindi. Merikani ilikuwa pamba nzito isiyopaushwa, na jina lake lina kisa. Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alizuru viwanda vya Uingereza kati ya 1810 na 1812. Waingereza walizuia michoro ya mitambo yao isitoke nje, basi akaondoka na umbo la kitanda cha mfumi cha mashine kichwani. Alipofika kwao akalifufua akisaidiwa na fundi Paul Moody. Alifariki 1817, mji wa viwanda ulioanzishwa Massachusetts mwaka 1826 ukapewa jina lake. Wafanyabiashara wa Salem wakazileta nguo za viwanda vya huko hadi Unguja, hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa 1833.

Kwa hiyo wengi wa bara waliijua Marekani kiunoni kabla ya kuijua kwenye ramani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka 1861 pamba ikaadimika, nguo za Bombay na Manchester zikachukua nafasi. Lakini mnunuzi aliendelea kuomba merikani, hata kama aliyeifuma ni Mhindi. Manchester yenyewe ilichapa kanga nyingi tulizovaa, ila sijasikia bibi yeyote akiita kanga yake "manchesta". Naona ni haki: aliyetangulia sokoni ndiye aliyebatiza.

Viwanda vyetu navyo vimeacha majina, ila kwa njia nyingine. Urafiki, kiwanda cha nguo kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, kimekuwa pia jina la mtaa. Konda anaita "Urafiki!" na abiria anashuka bila kuwaza uzi wala kitambaa.

Neno lililonivutia kuliko yote ni mtumba. Hapo zamani lilikuwa robota la nguo begani mwa mpagazi. Leo mitumba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, zinazofunguliwa mnadani Mpanda watu wakigombea kuchagua. Mzigo ni uleule wa nguo za kigeni, isipokuwa sasa zinatufikia zikiwa zimeshavaliwa. Ndiyo maana nasema waandishi wa kamusi wasiishie kwenye maana ya "nguo kuukuu". Waandike na ile ya mpagazi, tena iwe ya kwanza.