Rahisi na Nafuu

Kila taifa huitazama bei kwa jicho lake. Wafaransa husema bon marché, yaani soko jema. Neno la Waingereza, cheap, lilitokana na neno la kale la biashara. Ndilo lililoupa mtaa wa Cheapside, London, jina lake.

Sisi tulipokea rahisi kutoka Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa ruhusa. Kiswahili kikalipanua: kilicho rahisi si ghali, wala si kigumu. Nafuu nalo ni ndugu wa manufaa. Mgonjwa hupata nafuu, na mnunuzi vilevile. Basi rahisi huitaja bidhaa, lakini nafuu humkumbuka binadamu aliyepunguziwa mzigo. Tusiyachanganye maneno haya, tusije tukamsahau mtu katika hesabu ya bei.