Leza: kwa nini tripleksi inaungua upande wa chini, na namna ya kuzuia

Plaketi inatoka mu mashini. Juu iko safi, herufi zinasomeka vizuri. Ukiigeuza, chini kuko mistari myeusi, madoa ya moshi na alama za vyuma vya meza. Kama kazi ni ya kuonekana pande mbili, mteja ataikataa, na tripleksi iliyoungua hairudi dukani. Mafundi wengi wanafikiri ni mbao mbaya. Mara nyingi shida haiko ku mbao, iko ku kile kilicho chini yake.

Alama zinatoka wapi?

Mashini nyingi za kukata mbao zinatumia leza ya gesi ya kaboni dioksidi, aina iliyovumbuliwa na Kumar Patel huko Marekani mwaka wa 1964. Mwangaza wake hauonekani kwa macho. Mbao na pleksi zinaumeza, lakini chuma kinaurudisha sehemu kubwa, sawa kioo.

Njo hapo shida inaanza. Leza ikimaliza kupita ndani ya mbao, inagonga meza ya chuma, ile ya matundu kama masega ya nyuki, kisha inarudi juu na kuchoma upande wa chini. Sababu ya pili ni moshi: ukikosa njia ya kutoka, unabaki chini ya mbao na kuacha doa la rangi ya kahawa. Ya tatu ni joto kukaa sana mahali pamoja, kwa sababu nguvu ni nyingi au mwendo ni wa polepole.

Inua mbao

Dawa ya kwanza haina bei kubwa: usilaze mbao moja kwa moja ku meza. Iweke juu ya misumari au vipande vya chuma vyembamba, ibaki na nafasi ya sentimeta 1 au 2 chini. Mwangaza wa leza unakusanyika pahali padogo sana, kisha unapanuka. Ukisafiri mbali zaidi mbele ya kugonga meza, unarudi ukiwa dhaifu. Tena, moshi unapata njia.

Hakikisha misumari haikai chini ya mistari ya kukata. Ukiisha kuinua mbao, pima upya umbali wa lenzi. Ukisahau, leza haitakata vizuri. Vipande vidogo vinaweza kuanguka au kulala upande, kwa hiyo acha vidaraja vyembamba mu mchoro, uvikate kwa kisu mwishoni.

Meza yenyewe isafishwe. Utomvu na gundi vikirundikana pale, vinachafua mbao, tena vinashika moto haraka.

Upepo, mwendo na karatasi

Pompi ya upepo inayopuliza karibu na lenzi inazima miali na kusukuma moshi. Feni ya kuvuta moshi nayo lazima ifanye kazi. Lenzi chafu au isiyopimwa vizuri inakata njia pana, na fundi anajikuta anaongeza nguvu bila sababu.

Kama mbao inaungua kila mara, jaribu kupita mara mbili kwa haraka kuliko mara moja polepole. Chukua mabaki ya tripleksi ileile, kata viboksi vidogo, badilisha mwendo kidogo kidogo, na uandike matokeo mu daftari. Kuran ikishuka au kupanda, nguvu ya leza inaweza kubadilika. Jaribu tena mbele ya kuanza kazi ya mteja.

Kisha bandika skochi ya karatasi, ile ya wapaka rangi, upande wa chini. Doa la moshi litabaki ku karatasi. Usitumie skochi ya plastiki. Kwa pleksi, acha karatasi yake ya kiwandani mpaka mwisho. Doa dogo likibaki ku mbao, pitisha msasa laini polepole, maana ngozi ya juu ya tripleksi ni nyembamba.

Mambo ya kukataza

Hapana kuweka kartoni chini ya mbao ili kuficha meza: itashika moto. Hapana kuacha mashini ikikata peke yake, hata dakika mbili. Kizima-moto kiwe karibu.

Na hapana kukata PVC, pamoja na skai nyingi za viti ambazo zimetengenezwa nayo. Ikiungua inatoa gesi ya asidi inayoumiza mapafu na kula vyuma vya mashini. Kwa kupima, nenda nje, pasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, gusisha ku plastiki, kisha rudisha waya mu moto. Mwali ukigeuka kijani, plastiki hiyo iko na klorini. Usiiweke ndani ya leza.