Usukani: Jina Moja, Ziwani na Barabarani

Dereva anayeteremka na lori kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, na nahodha wa boti inayosubiri mzigo ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wameshika vitu viwili visivyofanana, vyote vikiitwa usukani. Jina hilo halikuja kwa bahati. Kiswahili kilikuwa nalo kwenye jahazi, kwa ule ubao wa nyuma unaogeuzwa kwa mkono uitwao kana, zamani kabla gari halijaundwa. Magari ya kwanza nayo yalianzia hapo hapo: lile la Karl Benz la mwaka 1886 liliongozwa kwa mkono mfano wa kana. Jina limehifadhi historia. Usukani wa gari ulianza kwa mfano wa majini, na kilichoufanya uaminike ni njia mbaya, si anasa ya wenye fedha.

Maji huusukuma ubao polepole, lakini jiwe hulipiga gurudumu ghafla. Kwa hiyo kana ilishindwa nchi kavu: kila kishindo kilimfikia dereva mkononi, na mwendo ulipozidi ilimponyoka. Mwaka 1894, katika mashindano ya Paris hadi Rouen, Alfred Vacheron aliendesha gari la Panhard lenye usukani wa mviringo. Baadaye gia ya skrubu ikauongezea mkono nguvu na kuzuia kishindo kisipande juu. Hapo tatizo likahamia kwenye maungio. Boljointi ikilika, usukani unakuwa na mchezo: dereva anazungusha upana wa vidole viwili kabla tairi hazijatii. Kwenye kona za milima ya Umatengo, inakoshukia ziwani, vidole viwili hivyo vinatosha kulitoa gari barabarani.

Atakayepinga atasema ufundi huu uligharamiwa na matajiri. Kwa upande wa fedha ni kweli. Mwaka 1907 kampuni ya Rolls-Royce ililikimbiza gari lake la Silver Ghost maili 15,000, karibu kilomita 24,000, chini ya macho ya Royal Automobile Club, kisha likafunguliwa na kupimwa kipande kwa kipande. Lakini hukumu ilitolewa na barabara. Agosti ya mwaka huo huo msafiri Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari la Gaggenau, akafika Swakopmund, upande wa pili wa Afrika, Mei 1909. Hata usukani mwepesi wa mafuta, unaodhaniwa kuwa starehe tupu, ulibuniwa na Francis Davis, mhandisi aliyekuwa kitengo cha malori cha kampuni ya Pierce-Arrow na kuona jinsi malori yalivyowatoa madereva jasho. Aliujaribu mwaka 1926. Wanunuzi wa Chrysler Imperial waliupata mwaka 1951, baada ya kutumika kwenye magari mazito ya vita.

Basi heshima ya historia hii isiishie kwa waliolipa. Fundi wa Mbinga anayelala chini ya lori, akaishika tairodi na kuitikisa asikie kama inacheza, anafanya kazi ile ile ya wakaguzi wa mwaka 1907, na anaifanya kabla ya mteremko.