Poland na Nchi Zilizomo Ndani Yake

Julai 1920 Jeshi Jekundu lilikuwa likisonga kuelekea Warszawa, na dola ya Poland, ambayo haikuwa imetimiza hata miaka miwili tangu ifufuke, ilikuwa hatarini kufutwa tena. Katikati ya hofu hiyo, tarehe 15, wabunge waliketi wakapitisha sheria ya kuipa Silesia, eneo la mpakani na Ujerumani, bunge lake, hazina yake, na madaraka juu ya shule, polisi na utawala wa ndani. Sehemu kubwa ya nchi hiyo iliyotengewa bunge haikuwa hata mikononi mwa Poland. Ujerumani nayo iliidai, na wenyeji walikuwa wakingoja kura ya maoni iamue waende upande gani.

Kila nisomapo historia ya Poland narudi kwenye sheria hiyo, kwa sababu inakwenda kinyume na hadithi iliyozoeleka. Katika hadithi hiyo taifa moja, lenye lugha moja na Kanisa Katoliki, limebanwa kati ya Ujerumani na Urusi, na kila anayetaja upekee wa kwao anamfungulia adui mlango. Kumbukumbu zenyewe zinasema vingine. Mara nyingi, pale Poland ilipokubali watu wa eneo fulani wajiendeshee mambo yao, ilipata watu waliosimama nayo. Pale ilipowanyima, au ilipoahidi bila kutimiza, iliwapoteza.

Tuanze mbali kidogo. Mtawala Bolesław wa Tatu alipofariki mwaka 1138 aliwagawia wanawe nchi, nayo ikaishi vipande vipande kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Vipande vingi viliunganishwa baadaye. Silesia haikurudi. Katika karne ya 14 Kazimierz Mkuu aliacha madai yake juu ya nchi hiyo, ikawa ya taji la Bohemia, kisha ya Wahabsburg kuanzia mwaka 1526, kisha Friedrich wa Pili wa Prussia akaiteka katika vita alivyovianza mwaka 1740. Kwa hiyo, yale ambayo Mpolandi wa kawaida huyaita historia yetu, yaani wafalme wa kuchaguliwa, kugawanywa kwa nchi, maasi dhidi ya Mrusi, mkulima wa Silesia hakuyapitia. Alibaki na lugha yake ya Kislavi na dini yake, lakini kumbukumbu zake zilikuwa nyingine. Asiyelijua hili hataelewa magomvi ya leo.

Poland yenyewe, wakati huo, ilikuwa ikijengwa kama shirikisho. Mkataba wa Lublin wa mwaka 1569 uliziunganisha Poland na Lithuania chini ya mfalme mmoja na bunge moja, lakini Lithuania ikabaki na hazina yake, jeshi lake na sheria zake. Wilaya zilikuwa na mabaraza yao ya makabaila, na wajumbe walikwenda bungeni na maagizo ya nyumbani. Sitaupamba mfumo huo. Wenye sauti walikuwa makabaila, ambao hawakuzidi sana moja ya kumi ya watu, na wakulima walifungwa kwenye ardhi ya mabwana. Hata hivyo uliweza kubeba watu wa lugha na dini mbalimbali, na mfano wake mkubwa ni Gdańsk. Mji huo wa bandari ulijaa wafanyabiashara waliosema Kijerumani na kufuata dini ya Luther. Mwaka 1577 ulipigana na Mfalme Stefan Batory mwenyewe kutetea haki zake, na hatimaye ukakubaliwa kubaki nazo. Mwaka 1734 mji uleule ulivumilia miezi ya kuzingirwa na Warusi kwa sababu ulimpa hifadhi Stanisław Leszczyński, mfalme aliyechaguliwa na Wapolandi. Mji wa Wajerumani ulipigwa mizinga kwa ajili ya taji la Poland.

Upande wa kusini mashariki mambo yalikwenda kombo. Makozaki wa Ukraine walitaka haki zao na kanisa lao la Kiorthodoksi viheshimiwe, wakadharauliwa, na mwaka 1648 Bohdan Khmelnytsky akawasha moto uliounguza ufalme wote. Miaka kumi baadaye, huko Hadiach, ulitiwa saini mkataba wa kuunda nchi ya tatu, Rutenia, yenye hadhi sawa na Poland na Lithuania. Lilikuwa wazo zuri lililochelewa. Damu ilikuwa imeshamwagika nyingi mno, na sehemu kubwa ya Ukraine ikaangukia mikononi mwa Moscow.

Kati ya 1772 na 1795 Urusi, Prussia na Austria ziligawana nchi kwa awamu tatu, zikaimaliza. Hapo ndipo utaifa wa kisasa wa Poland ulipozaliwa, na ulizaliwa bila dola, bila mipaka, bila hazina. Watu wa lugha moja walilelewa na madola matatu. Chini ya Urusi maasi ya 1830 na 1863 yalizimwa kwa kunyonga watu na kuwapeleka Siberia. Chini ya Prussia mapambano yalikuwa ya ardhi na shule: serikali iliunda tume mwaka 1886 kununua mashamba ya Wapolandi na kuwapa Wajerumani, na mwaka 1901 watoto wa Września walichapwa kwa kukataa kusoma dini kwa Kijerumani. Chini ya Austria, nchi iliyoitwa Galicia ilikuwa maskini kupindukia, lakini kuanzia miaka ya 1860 ilipata bunge lake mjini Lwów, na vyuo vikuu viwili viliendeshwa kwa Kipolandi. Maofisa na walimu wengi walioiendesha Poland baada ya 1918 walijifunza kazi katika utawala huo wa ndani wa Galicia.

Mwishoni mwa karne ya 19 walijitokeza watu wawili waliolitazama taifa kwa macho tofauti. Roman Dmowski aliliona taifa kama kiumbe kimoja kinachopaswa kushindana na wengine, akataka Poland ya Wapolandi Wakatoliki, na Wayahudi na Wajerumani akawahesabu kuwa wapinzani. Józef Piłsudski, mtoto wa makabaila wa nchi ya Vilnius, aliota shirikisho la Poland, Lithuania, Ukraine na Belarusi. Uhuru ulipopatikana Novemba 1918 Piłsudski ndiye aliyeshika madaraka, lakini mkataba wa Riga wa 1921 ulimaliza ndoto yake: ardhi ya mashariki iligawanywa na Wasovieti, na Waukraine na Wabelarusi wakawa wachache ndani ya nchi isiyo yao. Karibu theluthi moja ya raia wa Poland mpya hawakuwa Wapolandi. Desemba 1922 Gabriel Narutowicz alichaguliwa rais wa kwanza kwa msaada wa kura za wabunge wa jamii hizo. Magazeti ya wafuasi wa Dmowski yalimwandama, na wiki moja baadaye mzalendo mmoja mwenye siasa kali alimpiga risasi akafa.

Katika mazingira hayo ndipo tuiweke Silesia. Sheria ya 1920 ilitokana na hesabu za kisiasa, kwani Ujerumani nayo ilikuwa imeshaifanya Silesia ya Juu, sehemu iliyogombaniwa, kuwa jimbo la peke yake ili kuwavuta wenyeji, na walikuwapo hata waliotaka nchi huru ya Wasilesia. Kura ilipigwa Machi 20, 1921. Karibu asilimia 60 walichagua Ujerumani. Mei ile Wojciech Korfanty, mtoto wa mchimba makaa, aliongoza uasi wa tatu wa Wasilesia, na Ushirika wa Mataifa ukaamua eneo ligawanywe: Poland ilipata sehemu ndogo ya ardhi lakini sehemu kubwa ya migodi na viwanda. Mwaka 1922 bunge la Silesia lilifunguliwa Katowice. Kodi ziliingia kwanza hazina ya Silesia, na kiasi kilichokubaliwa ndicho kilichopelekwa Warszawa. Shule, barabara na majengo ya umma yaliyojengwa kwa fedha hizo yangalipo, likiwamo jengo kubwa la bunge lenyewe katikati ya Katowice.

Kilichofuata kinanisikitisha. Mwaka 1926, baada ya mapinduzi ya Piłsudski, Katowice ilipelekewa mkuu wa mkoa Michał Grażyński, mtu wa Galicia aliyeamini kwamba Silesia lazima iyeyushwe ndani ya taifa. Vyeo vikubwa vilikwenda kwa wageni kutoka mikoa mingine, na wenyeji wakajiona wamebadilishiwa bwana tu. Korfanty, mtu aliyeifanyia Poland mengi kuliko yeyote pale, alikamatwa mwaka 1930 akafungwa katika ngome ya Brześć, kisha akaenda uhamishoni. Alirudi mwaka 1939 vita vikinukia, akafungwa tena, na akafariki Agosti, wiki mbili kabla ya majeshi ya Hitler kuvuka mpaka. Hata hivyo bunge la Silesia lilidumu mpaka vita vilipoanza.

Galicia ya mashariki haikupata hata hilo. Septemba 1922, ili kuzilainisha dola za Ulaya zitambue mpaka wake, Poland ilitunga sheria ya kuipa mikoa ya Lwów, Tarnopol na Stanisławów mabaraza yenye madaraka, ambamo Waukraine wangekuwa na sauti. Mpaka ulitambuliwa Machi 1923 na sheria ikabaki kwenye makaratasi. Mwaka 1930 jeshi na polisi walivamia vijiji vya Waukraine wakivunja vyama vyao vya ushirika na kuwapiga watu. Mwaka 1934 wazalendo wa Kiukraine walimuua waziri wa mambo ya ndani, na mwaka 1943 wenzao wenye silaha waliwachinja makumi ya maelfu ya Wapolandi huko Wołyń. Ahadi iliyovunjwa haihalalishi mauaji yale hata chembe. Lakini mwanahistoria akiiruka, amesimulia nusu ya habari.

Waliotoka nchi hizo za mashariki wameacha alama hata kwetu. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya watu kutoka huko hadi Siberia na Asia ya Kati. Baadhi yao walitoka kupitia Uajemi, na karibu watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Tengeru, karibu na Arusha. Wengine walikaa Masindi na Koja, Uganda. Vita vilipokwisha wengi hawakuwa na pa kurudi, maana vijiji vyao vilikuwa vimeingizwa ndani ya Muungano wa Kisovieti. Makaburi ya Tengeru yangalipo, na majina ya mahali pa kuzaliwa yaliyochongwa pale ni ya nchi ambayo Poland haina tena.

Mwaka 1945 Poland ilisogezwa magharibi, na ndoto ya Dmowski ya nchi ya Wapolandi watupu ilitimizwa na wakomunisti. Mamilioni ya Wajerumani walifukuzwa. Mei 6 bunge la Silesia lilifutwa kisheria bila mwenyeji kuulizwa. Makumi ya maelfu ya wanaume wa Silesia walipelekwa kwenye migodi ya Wasovieti, na wengi hawakurudi. Wenyeji, ambao Wajerumani waliwaandikisha kwa lazima katika jeshi lao, sasa walipaswa kuthibitisha mbele ya kamati kwamba ni Wapolandi ili waachwe nyumbani kwao. Mwaka 1947 Waukraine na Walemko wapatao 140,000 waliondolewa milima ya kusini mashariki wakatawanywa magharibi na kaskazini, ili lugha yao ife. Kwa miongo minne serikali ilijivunia taifa la rangi moja, huku mamia ya maelfu ya Wasilesia wakihamia Ujerumani Magharibi. Walipewa makaa wachimbe, wakanyimwa jina.

Baada ya ukomunisti kuanguka jina lilirudi haraka. Chama cha kudai mamlaka ya ndani ya Silesia kilianzishwa Rybnik mwaka 1990. Mageuzi ya 1999 yalipunguza mikoa kutoka 49 hadi 16 na kuipa mabaraza ya kuchaguliwa, ingawa bila chochote kinachofanana na hazina ya zamani. Wasilesia walipoomba kusajili chama cha watu wa taifa la Silesia walikataliwa. Jerzy Gorzelik na wenzake wakaipeleka kesi hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakashindwa mwaka 2004, kwa hoja kwamba usajili ule ungewapa nafuu za uchaguzi zilizowekewa jamii ndogo za kitaifa. Sensa haikungoja mahakama. Mwaka 2002 watu 173,000 walijiandika Wasilesia. Mwaka 2011, sensa iliporuhusu kutaja utambulisho zaidi ya mmoja, walizidi 840,000, na wengi wao walitaja Upolandi pia.

Mwaka huohuo chama cha Jarosław Kaczyński kilitoa ripoti iliyouelezea Usilesia kuwa Ujerumani uliofichwa. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Donald Tusk, mtu wa Gdańsk wa jamii ya Wakashubi, alipogombea urais, wapinzani walimtupia kwamba babu yake alivaa sare ya jeshi la Hitler. Mzee huyo alikuwa ameshafungwa katika kambi za Wanazi kabla ya kuandikishwa. Uchungu wa familia za mipakani uligeuzwa hoja ya jukwaani, na naliona hilo kuwa dhambi.

Wakashubi hao wanaishi upande wa magharibi wa Gdańsk, na chama chao kimekuwapo tangu 1956. Sheria ya 2005 ilikitambua Kikashubi kuwa lugha ya kieneo: kinafundishwa shuleni, na vibao vya vijiji vimeandikwa kwa lugha mbili. Hakuna Mkashubi aliyeondoka Poland na kijiji chake. Ndiyo maana Aprili 2024 bunge lilipopitisha muswada wa kukipa Kisilesia hadhi hiyohiyo, wengi waliona deni la siku nyingi linalipwa. Tarehe 29 Mei Andrzej Duda, rais wa wakati huo, alikataa kuutia saini, akisema wataalamu wanakihesabu Kisilesia kuwa lahaja ya Kipolandi, na kwamba hali ya usalama inataka utambulisho wa taifa ulindwe. Bunge lingehitaji tatu ya tano ya kura ili kuushinda uamuzi wake, na muungano uliokuwa ukitawala haukuwa nazo. Katika sensa ya 2021 watu zaidi ya 450,000 walisema wanazungumza Kisilesia nyumbani. Wanaozungumza Kikashubi hawakufika 100,000.