Samaki wa mawe wa Tanganyika: namna walivyotoka Uvira na Moba wakaingia ndani ya vioo vya Ulaya

UVIRA. – Kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira kushuka Baraka, Kalemie hadi Moba, samaki anapimwa kwa sahani. Kuna ndakala wa kuanika, mikebuka wa kukaanga, sangala wa wageni, na kuhe kwa mwenye bahati. Wale wadogo wa rangi rangi wanaozunguka kwenye mawe, ambao watoto wanawaona kila siku wakienda kuoga ao kuchota maji, hakuna anayewahesabu. Nyama yao ni kidogo na miiba ni mingi.

Lakini ni hao wadogo ambao kwa zaidi ya miaka 60 sasa wanapanda ndege wakiwa hai. Wanauzwa mmoja mmoja Ujerumani, Ubelgiji, Marekani na Japani, kisha wanawekwa sebuleni ndani ya sanduku la kioo lenye maji, taa na mawe, linaloitwa akwariamu. Katika maduka ya huko wanaitwa kwa majina ya hapa: Moba, Bemba, Kavala. Mtu wa Moba aliyekimbia vita akafika ng'ambo anaweza kuingia dukani akakuta jina la kwao limeandikwa kwenye kioo.

Vijana wengi walitazama filamu ya Finding Nemo iliyotoka mwaka wa 2003. Wanamjua yule samaki wa bahari mwenye rangi ya machungwa na mistari myeupe, anayelala ndani ya mnyama laini mfano wa ua, ambaye mikono yake inawasha kuliko upupu. Samaki wengine wakimgusa wanakufa. Yeye anajificha humo na adui hamfuati. Tanganyika haina mnyama yule, lakini ina samaki wanaoishi kwa kuazima nyumba ya kiumbe mwingine. Ni wale wanaokaa ndani ya maganda matupu ya konokono, na wengine wao hawafiki hata urefu wa kidole. Konokono akifa, ganda lake linabaki kwenye mchanga miaka mingi. Samaki analichimbia mpaka ubaki mlango tu, na humo analala, anataga na kulea watoto. Kuna aina moja ambayo dume anayabeba maganda kwa mdomo na kuyakusanya mahali pamoja, halafu majike wanakuja kuchagua vyumba. Yeye mwenyewe hawezi kuingia, maana uzito wake unazidi wa jike mara 12 na zaidi.

Hadithi ya kuwapeleka samaki hawa ng'ambo ilianzia hasa kwenye maganda ya konokono. Mwezi wa 2 mwaka wa 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika ziwani kupitia Ujiji. Walikuwa wagonjwa wote wawili. Speke karibu haoni kwa ugonjwa wa macho. Hata hivyo maganda yaliokotwa na kupelekwa London, na mwaka uliofuata mtaalamu mmoja akayaandika. Yalishangaza watu, kwa sababu yalifanana na ya baharini. Kisha mwaka wa 1883 Mjerumani Richard Böhm akaona ndani ya ziwa kiwavi-maji, yule mnyama laini wa kuelea, mdogo kama sarafu na mwenye kupitisha mwanga. Huyo ni ndugu wa mbali wa mnyama-ua wa baharini, na watu walizoea kuona jamii yake ndani ya maji ya chumvi.

Basi wataalamu wakaanza kubishana. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja mara mbili, kati ya 1895 na 1900, na mwaka wa 1903 akatoa kitabu kizima akidai kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya zamani kilichofungiwa katikati ya bara. Alikosea. Ziwa lilizaliwa pale ardhi ilipopasuka, miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, na viumbe wake walijigeuza polepole humo humo hadi wengine wakafanana na wa bahari. Hata hivyo kosa lake lilizaa kitu. Samaki aliowabeba ndani ya pombe kali walifunguliwa London, na mwaka wa 1898 Boulenger, Mbelgiji aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Uingereza, akamwita mmoja wao Tropheus moorii, kwa heshima ya Moore. Ni samaki wa mawe ambaye hadi leo anapendwa sana na wenye akwariamu.

Kutoka hapo majina yakaendelea namna hiyo hiyo. Mwaka wa 1946 na 1947 Wabelgiji walituma msafara mkubwa kupima ziwa lote, na ndani yake alikuwa Max Poll, mtaalamu wa samaki kutoka Tervuren. Mwaka wa 1947 wakaanzisha taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, na Uvira ikapata kituo cha mambo ya maji. Kituo hicho ndicho kilichokuwa baadaye CRH-Uvira, kinachojulikana na kila mkaaji wa mji. Humo alifanya kazi Georges Marlier. Poll alimpa samaki mmoja jina la Marlier mwaka wa 1956. Marlier naye, mwaka wa 1959, alimpa mwingine jina la Dubois, mwenzake wa Uvira. Huyu wa Dubois, akiwa mtoto, ni mweusi mwenye madoa meupe kama nyota. Akikua madoa yanafutika, kichwa kinageuka buluu na mkanda mpana unamzunguka mwilini. Ndiye aliyewafanya Wazungu wengi wanunue kioo chao cha kwanza.

Moore, Marlier, Dubois, Poll: wote wana samaki. Mvuvi aliyewaonyesha kwenye mwamba gani wapige kimia, aliyepiga kasia, aliyejua mwezi gani maji yanatulia, hana samaki hata mmoja kati ya hao. Jina la kijiji limebaki, lakini si vitabu vya sayansi vilivyolihifadhi. Ni wafanyabiashara, kwa sababu mteja anataka kujua rangi imetoka wapi.

Biashara yenyewe ilishika mizizi kupitia Mbelgiji mwingine, Pierre Brichard. Katika miaka ya 1950 alikuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, akikamata na kusafirisha samaki wa mto Kongo; mmoja wa kwenye maporomoko ya karibu na mji alipewa jina lake mwaka wa 1959. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akahamia Burundi, akaweka mabwawa na vioo kando ya ziwa. Mwaka wa 1974 Poll akampa samaki wa pili, huyu wa Tanganyika, mwenye mapezi marefu ya ncha nyeupe. Madukani anaitwa Binti Mfalme wa Burundi. Watoto wakubwa wa samaki huyu hawaondoki nyumbani. Wanabaki kusafisha mayai na kuwalinda wadogo zao. Kitabu cha Brichard juu ya samaki wa ziwa, kilichotoka mwaka wa 1978, kilifungua macho ya wengi, na oda zikaongezeka.

Kazi ya kuwakamata si ya mchezo. Mpiga mbizi anazungusha kimia kwenye mwamba chini ya maji, halafu anawafukuza samaki kwa mkono kutoka kwenye nyufa. Wa juu juu wanatoka bila shida. Taabu iko kwa frontosa, yule mkubwa wa mistari mwenye nundu kwenye paji la uso, anayekaa mita 10 hadi 50 na zaidi. Samaki ana kibofu cha hewa tumboni. Ukimvuta juu kwa haraka, hewa ile inatanuka, tumbo linavimba, matumbo yanasukumwa nje na anakufa. Kwa hiyo anawekwa ndani ya kizimba na kupandishwa kidogo kidogo, siku baada ya siku. Kabla ya safari samaki wote wanalala njaa siku chache ili wasichafue maji. Kisha wanatiwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, na mifuko inapangwa ndani ya maboksi yasiyopitisha joto wala baridi.

Huko wanakofika, mwenye kioo anajifunza upya mambo ambayo ziwa linayafanya bure. Maji ya Tanganyika ni magumu na yana tabia ya magadi. Anayekaa mahali pa maji laini lazima ayatie chumvi zake. Joto libaki karibu nyuzi 24 hadi 27. Na kosa la mgeni ni moja siku zote: kununua kioo Jumamosi na samaki Jumapili. Mkojo na mavi ya samaki yanatoa sumu, na sumu hiyo inaondolewa na vijidudu visivyoonekana ambavyo vinahitaji wiki kadhaa kuzaliana ndani ya chujio na kwenye mawe. Asiyengoja anazika. Wale wa jamii ya Tropheus wana masharti zaidi. Ziwani wanakwangua majani ya kijani kwenye mawe kutwa nzima. Ukiwapa vyakula vizito, tumbo linavimba na wanakufa. Ukiwaweka watatu, mwenye nguvu anawapiga wenzake hadi wafe; wakiwa 12 ao zaidi, ugomvi unagawanyika. Jike anataga mayai machache tu na kuyabeba mdomoni karibu mwezi mzima. Wale wa maganda wana bahati: Wafaransa wanakula konokono wakubwa wa Burgundy, na ganda linalobaki kwenye sahani linawatosha kabisa.

Kwa nini basi samaki wa Moba auzwe kwa jina tofauti na wa Kigoma? Jibu liko kwenye mawe. Samaki huyu haogelei kuvuka mchanga ao kilindi. Nje ya mwamba ataliwa. Anazaliwa, anakua na kufa kwenye mwamba wake, na wajukuu wake vilevile. Kwa muda mrefu kila mwamba umetengeneza rangi yake: hapa mwekundu, ng'ambo ya ghuba mweusi wa mkanda wa njano. Ndiyo uzuri wake, na ndiyo hatari pia. Ndakala akipungua mahali pamoja, wengine watakuja kutoka pengine ziwani. Rangi ya ghuba moja ikimalizwa, haina pa kutokea tena.

Kuimaliza kunawezekana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kimia cha mfanyabiashara asiyejua kuacha mbegu. Ya pili ni udongo, na huo ndio wa kuogopesha zaidi. Milima ya juu ya Uvira na Fizi ikikatwa miti, mvua inashusha matope, matope yanafunika mawe, majani yaliyo chakula yanakufa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1993 ulionyesha kwamba sehemu zilizopata matope mengi zina aina chache za viumbe. Si haki kumlaumu aliyekimbia kijiji chake akalima mlimani ili watoto wale. Lakini matope hayaulizi nani alilima.

Vita vilivyoshika Uvira mwezi wa 10 mwaka wa 1996 vilivusha maelfu ya familia kwa mitumbwi hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo wapiga mbizi wa kigeni walienda zaidi Zambia na Tanzania kuliko upande wa Kongo. Ndiyo maana pwani hii, yenye karibu asilimia 45 ya ziwa lote, ni sehemu iliyochunguzwa kidogo. Tarehe 12 mwezi wa 6 mwaka wa 2003 inchi nne za ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulitunza pamoja, huko Dar es Salaam.

Siku hizi wanunuzi wengi hawahitaji tena ziwa. Samaki wa maganda, wa Dubois, hata frontosa, wanazaliana ndani ya vioo na mabwawa ya Ulaya, Asia na Florida. Hilo linapumzisha miamba. Linamwondoa pia mvuvi wa Moba kwenye biashara iliyobeba jina la kijiji chake. Yule frontosa wa buluu iliyokolea bado anauzwa, kizazi baada ya kizazi ambacho hakijaonja maji ya Tanganyika. Kwenye kibandiko chake wauzaji wengi wanaandika bado kama zamani: Zaire Moba.