Nzi wadogo wa ndizi: namna ya kuwamaliza jikoni

Wale nzi wadogo wenye macho mekundu hawazaliwi na ndizi. Wanafuata harufu ya tunda linaloanza kuchacha, ndiyo maana kasiksi inawavuta mbio. Jike mumoja anaweza kutaga mayai mamia, na penye joto la nyuzi 25 yai linakuwa nzi kwa siku 10 hivi. Kupuliza dawa karibu na chakula ni kutia watoto sumu bure: mayai yanabaki.

Weka kasiksi ao vinegre kidogo ndani ya gilasi, tia sabuni iliyoyeyuka. Bila sabuni, nzi anasimama juu ya maji na kuruka tena. Lakini mutego pekee hautoshi. Tosha maganda kila magaribi, anika kitambaa cha kupangusia, funika maembe yaliyoiva. Endelea majuma mawili, juu mayai ya zamani yangali yanageuka nzi.